Mwanamke Pekee Kwenye Stoo ya Viti

Jumanne, 5 Novemba

Marinda. Marinda. Marinda. Sare za shule mpaka Januari, nitakuwa nimekoma. Umeme umekatika tangu asubuhi, nimeendesha cherehani kwa miguu. Mikono imetulia. Uzi unaingia kwenye sindano mara moja, sio kama mwezi wa nane.

Jioni nimefunga kibanda mapema. Nesi wa zahanati aliniambia juzi kuna watu walioacha pombe, wanakutana hapa hapa Njoro, Jumanne na Jumamosi. Nyumba hakuijua, alijua mtaa tu. Nimeuliza watu wawili njiani, walevi wanakutania wapi. Wote wamenionyesha baa.

Kumbe ni kwenye stoo ya viti vya kukodisha, vile vya harusi na misiba. Maturubai yamekunjwa ukutani, viti vimepandana mpaka darini, na katikati wanaume kama kumi wamekaa duara na vikombe vya chai. Mwenye stoo anaitwa Kimaro, mtu wa makamo, sauti ya taratibu. Kaja mlangoni haraka haraka. Eti karibu mama, mzee wako anaitwa nani, labda bado hajafika.

Nimemwambia mzee sina. Mlevi ni mimi.

Mmoja akaanza kukoroga chai aliyokwisha kuinywa. Kimaro kashusha kiti kutoka juu, bado kina gauni lake jeupe la harusi na utepe mgongoni. Nikakikalia hivyo hivyo. Sikusema kitu kingine, na wao kwa sababu yangu hawakusema cha maana. Shauri yao.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimerudi. Nadhani hawakutegemea.

Jamaa mmoja kasimama, kwa heshima zote, kasema mbele ya mwanamke hawawezi kufunguka. Kuna mambo ya kiume. Mama aende jumuiya, akina mama wenzake watamwombea. Nimemjibu jumuiya nimeshaenda. Waliniombea mpaka wakalia, halafu wakafuta machozi wakanitangaza sokoni. Na hayo mambo ya kiume nayajua yote, tulikuwa tunanywea baa moja. Sitoki.

Aliyecheka ni Mzee Issa. Alikuwa dereva wa malori, Mwislamu, mzaliwa wa Njoro. Miaka yote alificha chupa kwenye boksi la spana ili mke na msikiti wasijue. Kasema yeye alijificha peke yake nusura afe, kwa hiyo huyu mama akae. Nimekaa.

Wanahesabu siku. Kila mtu anasimama anataja zake, wanampigia makofi. Mimi nimekataa. Nimesema ni tangu mwanangu Manka aondoke, inatosha. Kama hawana makofi ya hivyo wasipige.

Jumapili, 10 Novemba

Nimeongea na Manka. Simu ni ya kaka Deo, anampa mtoto kwa muda mfupi huku kasimama pembeni, nasikia anavyopumua. Amemaliza mitihani ya kidato cha pili. Amesema hesabu ilikuwa ngumu. Basi.

Niandike mara moja tu, nisirudie tena. Agosti nilikwenda kikao cha wazazi shuleni kwao nimelewa. Nilianguka mbele ya darasa lake. Wiki ile ile Deo akashuka kutoka kwetu Uru akamchukua mtoto, na mimi sikuwa na miguu ya kusimama kubisha. Baba yake yuko Mererani kwenye migodi na familia nyingine, wa kumtegemea hakuna. Sijanywa tangu hapo.

Namtaka mtoto wangu. Hicho tu. Mengine yote ni porojo.

Jumanne, 19 Novemba

Ugomvi stoo. Kimaro kasema ameacha pombe kabisa, ila mbege anaionja kidogo msibani na ukweni, maana mbege ni chakula. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mbege ni chakula, mbege ni uji, mbege ina ulezi.

Jamani. Mimi ndiye ninayeipika. Nimepika mbege ya ukoo mzima tangu niolewe na tangu niachwe. Ndizi mbivu nazichemsha mwenyewe, ulezi nauotesha mwenyewe, msesewe, lile gome la kutia uchungu, naujua kwa ulimi, uchungu ukizidi hata kidogo nasema mimi, na wazee wa Uru wananisikiliza. Nilianza kulewa kwa kuonja. Kuonja tu. Sikuanza na zile za chupa. Nilianza na chakula.

Nikawaambia hivyo. Kimaro kaniangalia kwa upole. Upole wa namna ile sitaki, bora angenitukana.

Jumatatu, 2 Desemba

Deo kapiga simu mwenyewe.

Tarehe 26 ukoo wote utakuwepo nyumbani, wa Dar, wa Arusha, wote. Kitakuwepo kikao. Nikaombe msamaha kwa Mama na kwa wazee, tupatanishwe, yaishe. Halafu nishuke na Manka.

Nishuke na Manka. Nimemwambia ndiyo hajamaliza sentensi. Nimesema asante kaka, asante, Mungu akubariki. Nikazima cherehani nikalia kama mjinga, mteja kaja kuchukua kaptula ya mwanae akanikuta hivyo. Nimemwambia ni vumbi.

Baadaye, nikiwa napiga pasi, ndipo akili ikarudi. Tupatanishwe. Kwetu watu hawapatanishwi kwa maneno. Mnakaa, mnaletewa mbege, mnakunywa kata moja, wewe unashika kile kibuyu, mwenzio anashika, mkimaliza mmepatana. Na kabla ya kukata simu Deo alisema nipike mimi, kama kawaida, maana hakuna anayeniweza.

Yaani nisamehewe ulevi kwa kunywa. Na pombe nikaipike mwenyewe.

Jumanne, 3 Desemba

Nimewaambia stoo. Nilidhani watacheka. Hawakucheka hata mmoja.

Kimaro kasema nilowanishe midomo tu. Nisimeze. Yeye ndivyo atakavyofanya Krismasi hii ukweni kwake Mkuu, huko Rombo, hakuna njia nyingine, mtu hawezi kudharau wazee. Mzee Issa akasema midomo ina koo nyuma yake. Wakaanza kubishana wao kwa wao kuhusu mdomo wangu, mimi nimekaa hapo hapo. Yule wa mambo ya kiume naye akachangia, eti kwa ajili ya mtoto mzazi anameza hata sumu.

Nimewaacha. Nimetoka bila kuaga. Kila mtu ana ushauri, na mtoto ni wangu.

Jumamosi, 7 Desemba

Sikwenda stoo. Nimeshona.

Nilikaa nikajiuliza vizuri, kama naulizwa na polisi. Nikilowanisha midomo, nitaishia kwenye midomo? Jibu ninalo. Nimelipata haraka mno.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimempigia Deo. Nimemwambia nitakuja, nitapiga magoti, nitaleta masale, majani yetu ya kuombea msamaha, na kreti ya soda. Sitapika na sitakunywa.

Alidhani natania. Halafu akawaka. Eti nani amewahi kupatanishwa kwa soda. Nataka kuwachekesha watu wa Dar. Sasa najiona Mpentekoste. Mkataa kwao ni mtumwa. Nikamwambia sijakataa kwetu, nimekataa kibuyu. Akakata simu.

Kisha Mama akapiga. Mama hana maneno mengi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Akasema nisimwaibishe kabla hajafa. Hilo limeniingia. La Deo halikuniingia, la Mama limeniingia mpaka sasa.

Jioni nikaenda stoo. Najua niliwaudhi nilipotoka bila kuaga. Nimewaambia nilichomwambia Deo. Mzee Issa kasema vizuri. Kimaro kasema nitaua undugu. Nikamwambia undugu unaokufa kwa soda ulikuwa mgonjwa siku nyingi.

Ijumaa, 20 Desemba

Siku mbaya.

Mji umejaa. Magari ya namba za Dar kila kona, kila mtu anarudi nyumbani na kila mtu ana kreti. Mteja mmoja, mama mtu mzima, amefurahia gauni lake, kanishukuru kwa bia. Bia za baridi, zinatoka jasho, kaziweka juu ya meza yangu kati ya vipande vya vitambaa. Eti Krismasi njema fundi. Hajui. Mtu mwema kabisa.

Nilizitazama. Nikapima kiuno cha mteja mwingine nikaandika namba ya mabega. Nikakata mkono wa blauzi mara mbili upande mmoja. Nikasema nitazimwaga, nikashika kifunguo cha chupa. Mtu anayetaka kumwaga anatafuta mtaro kwanza, hatafuti kifunguo. Nikakitupa.

Nikafunga kibanda, bia nikamwachia mwenye duka la jirani, nikaenda stoo. Siyo siku ya mkutano, lakini nilikuwa sina pengine pa kwenda. Kimaro alikuwa anapakia viti vya harusi ya Kibosho na vibarua wake hawajafika. Hajaniuliza kitu. Kanipa glavu. Tumepakia viti mchana wote, mimi na yeye, mpaka mgongo ukakataa. Tulipomaliza tukanywa chai kwenye ubao wa gari. Nimesema asante, akasema hata yeye anashukuru, viti vilikuwa vingi.

Kichwa kinauma. Sijanywa.

Jumatano, 25 Desemba

Misa. Nyama ya jirani. Sijapanda Uru leo, nitapanda kesho. Nimempigia Manka, simu imezimwa.

Naogopa. Ila siendi kunywa, waandae hata pipa.

Alhamisi, 26 Desemba

Niandike yote leo hii, kabla sijaanza kujidanganya kwamba ilikuwa vingine.

Nimefika kabla ya saa tano. Kreti ya soda nimeibeba mwenyewe kichwani kutoka barabarani, hakuna aliyekuja kunipokea. Masale nimeyakata kwenye mpaka wa shamba la Mama, nikayafunga fundo. Kwetu mtu akija na masale hafukuzwi, hata awe amefanya nini, ndivyo tulivyolelewa.

Wamekaa uani, wamejaa. Mbege imepikwa na mke wa Deo. Nilijua kwa harufu tu kwamba msesewe umezidi, na nikachukia kwamba nimejua.

Baba mkubwa Aloisi, ndiye mkubwa wa ukoo siku hizi, kafungua kwa sala. Kasema mtoto wetu Anasia alipotea, leo anarudi. Deo akasimama na kata. Akanywa yeye kwanza, kama mwenye nyumba anavyotakiwa, watu waone haina sumu. Akanikabidhi. Povu mpaka juu.

Hapa nasema kweli. Mate yalinijaa. Mkono ulijua njia. Ingekuwa kwenye mkutano ningesema nilikuwa imara, lakini sikuwa imara hata kidogo, nilikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonisaidia. Nilimtazama Deo, ana povu kwenye masharubu, ananitazama kama mtu anayenipa zawadi. Haoni. Kweli kabisa haoni.

Nikaiweka kata kwenye kigoda. Nikapiga magoti mbele ya Mama, nikampa masale kwa mikono miwili. Nikasema nimekosa kwako, nimekosa kwa mtoto, nimekosa kwa ukoo. Halafu nikamgeukia Deo nikiwa chini vile vile.

"Kaka, mtoto ulimchukua kwa sababu ya hiki kibuyu. Leo ndicho unachonirudishia mtoto nacho?"

Shemeji mmoja wa Dar akacheka, akaona hakuna mwingine aliyecheka, akakohoa. Deo akasema nimemdhalilisha nyumbani kwa baba yake. Mtu akasema amerogwa huyu. Mwingine akasema soda ni za nini sasa, basi tuzinywe.

Mama aliyashika yale masale. Hakuyaweka chini.

Mzee Aloisi kafikiri sana. Akaamua hivi: masale yamepokelewa, hakuna wa kuyarudisha, kwa hiyo kosa limesamehewa. Lakini kata haijanywewa, kwa hiyo mapatano hayajakamilika, na yasipokamilika mtoto atabaki kwa mjomba wake. Nimesamehewa na nimenyimwa kwa pumzi moja. Wazee wetu wana akili, wallahi, kama angesema Mzee Issa.

Manka alikuwa mlango wa jikoni na sinia la vikombe. Amerefuka. Alisikia yote. Nilipomtazama akatazama miguu yake.

Nimeondoka kabla ya nyama. Nimeshuka kwa miguu mpaka barabara ya lami nikilia na kutukana, watu wakanipisha wakidhani nimelewa. Siku niliyokuwa mkavu kuliko wote katika ule ukoo.

Sijutii. Inaniuma kila mahali na sijutii. Angekuja nami leo kwa kata ile, kufikia Pasaka wangekuja kumchukua tena.

Jumamosi, 28 Desemba

Stoo tulikuwa wachache, sikukuu. Kimaro hayupo, ufunguo kamwachia Mzee Issa. Nimewasimulia. Yule wa mambo ya kiume, leo nimejua anaitwa Flori, kasikiliza mpaka mwisho, akasema yeye angekunywa. Hakusema kwa ubaya. Akasema angekunywa na angefurahi kuwa na sababu. Akainamisha kichwa.

Nimemmiminia chai.

Jumanne, 31 Desemba

Kimaro amerudi. Amekaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na maturubai, macho mekundu, shati la juzi.

Alilowanisha midomo, huko Mkuu, kwa wakwe. Siku ya kwanza midomo. Siku ya pili hakumbuki. Mkewe kabaki kwao.

Nilitaka kusema si nilikuambia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yamepangwa, na mimi si mtu wa kuacha maneno yakapotea. Nimeyameza. Akasimama akasema leo hana siku za kutaja. Akabaki amesimama hajui la kufanya na mikono yake. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hatukujua kama inaruhusiwa.

Nikapiga mimi. Nikapiga kwa nguvu, peke yangu, mpaka Flori akaona aibu akaniunga mkono.

Mwaka unaisha. Majirani wanapasha spika. Watakunywa mpaka kuche, wanywe. Mimi nina sketi za watu.

Jumapili, 5 Januari

Misa ya kwanza. Mvua kidogo, halafu jua.

Manka kafika saa nne, na begi lake la shule na mfuko wa ndizi. Ameshuka peke yake. Bibi yake kasema aje akae mpaka shule zifunguliwe, halafu tutaona. Nikamwuliza mjomba kasemaje. Amenuna, akasema. Lakini hajamzuia, Bibi alikuwa amesimama getini.

Hatujaongea sana. Nimepika mtori, amekula bakuli mbili. Nimempima sketi ya kidato cha tatu. Kiuno ni kile kile, urefu umeongezeka kuliko nilivyokisia, itabidi nishushe pindo. Alisimama wima kama kwa fundi mgeni, mikono ameiinua. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa, nikaendelea kupima.

Nikatoka nje kuongeza mkaa. Chai yangu niliiacha juu ya meza ya cherehani. Wakati narudi nikamwona kupitia pazia. Amekishika kikombe changu kwa mikono miwili, amekiinamia, ananusa. Ananusa taratibu, bila wasiwasi, mtu anayejua anachotafuta. Akakirudisha pale pale, mshikio umeelekea upande ule ule.

Nilirudi nyuma. Nikagongagonga sufuria kidogo ndipo nikaingia.

Imeniuma kuliko maneno ya Deo, kuliko kile kikao chote. Sitamwambia nimemwona. Ana haki. Anuse kesho, anuse mpaka amalize kidato cha sita kama anataka.

Sasa amekaa upande wa pili wa meza, anabana marinda na pini. Ameniambia nimepinda mstari, na kweli nimepinda. Chai nimeimaliza. Nimemimina nyingine, nimeiweka juu ya meza, karibu naye, nimesema naenda kuangalia mkaa.